Firigisi ya Chifu

Nekesa,

Chifu hayuko tena. Usishtuke, hakuibiwa wala hakuugua. Nimemchinja mimi mwenyewe leo mchana, ulipotoka tu kwenda Kawangware kumuaga shangazi yako. Sasa hivi yuko kwa sufuria, mama yako anamkoroga huku akiimba nyimbo za kwaya, na mimi nimekaa hapa nje kwenye kiti changu cha kazi, karibu na kibanda cha kuku, nikiandika mbio mbio kabla hujarudi. Jua bado liko. Kuku wameanza kuingia ndani mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja ameuliza mzee wao ameenda wapi. Hiyo ndiyo shukrani ya kuku.

Najua ukifika hapa uone manyoya utafura. Halafu utakumbuka ni wewe mwenyewe uliyetuambia tangu mwaka jana kwamba jogoo abadilishwe, kwamba Chifu amekuwa baba, babu na mume wa kila kuku aliye hapa, ndiyo maana vifaranga wanatoka wadhaifu. Basi nimefuata amri. Nimechelewa tu kidogo, na hiyo si habari mpya.

Barua hii nitaitia ndani ya lile sanduku la bati nililokutengenezea, chini ya sweta, pamoja na kitu kingine ambacho nitakueleza mwisho. Nataka uisome kesho kwenye basi la kwenda chuoni, ukishapita Limuru, mahali ambapo huwezi kushuka urudi kubishana na mimi. Mambo ya blanketi, na baridi ya Nyandarua, na kutolala na nywele mbichi, mama yako ameshayasema mpaka majirani wameyashika kwa kichwa. Sitayarudia. Mimi nataka tuongee kuhusu kuku. Nacheka nikiandika hivyo. Baba wengine huwaandikia binti zao mambo ya Mungu na mambo ya wanaume, na mimi nimekaa hapa na habari za kuku. Lakini wewe na mimi, mambo yetu yote makubwa yamepitia hapo.

Unamkumbuka yule kuku mwekundu tuliyekuwa naye tulipokuwa tukikaa Kawangware, pale stendi ya 46? Ulikuwa darasa la tano. Alikuwa anaatamia kwenye karai kuukuu chini ya kitanda chetu, na wewe ulikuwa unalala umeegeza sikio sakafuni eti unasikiliza kama vifaranga wameanza kulia ndani ya mayai. Halafu kakangu Barasa akatokea kutoka Bungoma bila kupiga simu, na mfuko wake wa njugu na kofia yake ile. Sasa, wewe unajua kwetu. Mgeni hawezi kurudi bila kuchinjiwa kuku. Unaweza kumpa nyama ya ng'ombe sufuria nzima, umpe na chapati, lakini akifika nyumbani swali ni moja tu: walikuchinjia? Akisema hapana, hiyo ni kesi, na itasikilizwa kwa kila matanga mpaka uzeeke.

Kwa hivyo nikainama chini ya kitanda. Mama yako akaniambia, "Baba Nekesa, huyo ana mayai." Nikamwambia mayai hayana haraka. Yaani nilisema hivyo, kwa mdomo wangu, na nikajiona mwanamume wa maana.

Wewe ulirudi kutoka shuleni ukapata kuku ameshanyonyolewa. Kazi yako ilikuwa kusafisha firigisi, kwa sababu vidole vyako vilikuwa vyembamba. Hiyo imondo, kama tunavyoiita nyumbani, ni kitu kidogo lakini ndicho chenye cheo. Ni ya mwenye nyumba. Watoto hawaigusi, wanawake hawaigusi, na mgeni akiikosa hakasiriki kwa sababu anajua mwenyewe yuko hapo. Ukaipasua, ukaanza kutoa vitu ndani. Mimi na Barasa tulikuwa tunaongea mambo ya shamba. Nikasikia umesema, "Baba, huyu kuku amekula duka."

Ulikuwa umevipanga kwenye kifuniko cha sufuria. Vipande vya nailoni. Karatasi ya peremende. Kifungo cha shati. Kijiwaya. Kitu cha kung'aa ambacho hatukujua ni nini. Kuku wetu walikuwa wanashinda kwenye mtaro kama kuku wa kila mtu, na mimi nilikuwa najigamba kwamba wanajitafutia, sinunui chakula. Barasa akacheka. Mimi nikaona aibu, na ukiniaibisha mbele ya mgeni unajua ninavyokuwa. Nikakwambia, "Osha, lete ipikwe." Ikapikwa. Ikawekwa kwa sahani yangu. Nikaila, wewe ukiwa umesimama mlangoni unaniangalia mpaka nikameza.

Jioni ukaingia chini ya kitanda, mayai yalikuwa yamepoa. Ukayafunga kwa sweta ya mama yako, ukaweka na chupa ya maji moto, na siku baada ya siku ukawa unabadilisha maji kabla ya kwenda shule na ukirudi. Hakuna kilichotoka. Nilipokwambia sasa yatupwe ukasema hakuna kutupa, ukayazika kwenye gunia la udongo pale mlangoni. Ile sukuma wiki iliyoota hapo, haki ya nani, ilikuwa na majani kama masikio ya ng'ombe.

Mimi nilidhani umenikasirikia kwa sababu ya kuku. Nikasema moyoni, mtoto ni mtoto, atasahau. Kumbe habari ya kuku ulikuwa umeshanisamehe. Ulikuwa unafikiria kifuniko cha sufuria. Ulikuja ukaniuliza nikiwa nagonga bati, ukaniuliza polepole kama mtu anayefanya hesabu: "Baba, si kuku anakula tunachotupa? Na sisi tunamla kuku?" Nikasema ndiyo. "Kwa hivyo nani anakula takataka?" Nikakwambia nenda ukamalize kazi ya shule. Nilikuwa na nyundo mkononi, na mtu akiwa na nyundo mkononi ni rahisi kujifanya ana kazi.

Nakuandikia haya si ili unihurumie. Nataka ujue tu kwamba mambo yote uliyofanya baadaye, hata yale niliyoyapigia kelele, mimi najua yalianza siku gani.

Na nilipiga kelele sana, wacha nikubali. Mwenye nyumba wa Kawangware aliposema tuchague kuku au chumba, na mama yako akajibu, "Basi tutahama," nilidhani mmerukwa na akili nyote wawili. Tukaja huku Silanga kwa sababu ya hiki kiuwanja tu, na hii harufu ya bwawa, na mbu. Siku ya kwanza ukaanza kuokota. Kila asubuhi kabla ya chai ulikuwa unazunguka uwanja mzima umeinama, unaokota kila karatasi, kila kijinailoni, kabla kibanda hakijafunguliwa. Watoto wa jirani wakakuita Kanju, kama wale wafagiaji wa baraza la jiji. Ukakataza kuku kutoka nje ya wavu. Kisha ukaanza sheria zako. Maganda ya viazi hayamwagwi. Majani ya chai hayamwagwi. Majivu ya jiko hayamwagwi. Hata maji ya kuosha mchele yalikuwa na mwenyewe. Nilikuwa naogopa kutema mate kwa uwanja wangu, nisije nikaulizwa kama ninajua yangefanya kazi gani.

Halafu ndoo ya funza. Mungu wangu. Mama yako alipofunua akidhani ni unga, alipiga nduru mpaka watu wakatoka na rungu. Na wewe umesimama pale, mtulivu kama daktari, "Mama, ni chakula cha kuku, ni bure, hawa hawadhuru mtu." Ulikuwa unawafuga kwa mabaki ya soko. Shangazi yako alikuwa anakuwekea majani ya kabeji ya Kawangware, wamama wauza samaki wa Kisumu Ndogo wanakupa vumbi la omena lililobaki chini ya magunia, wewe unakaa hapa unachekecha kutoa mchanga. Nilikuambia binti wa watu hawezi kuolewa akinuka omena. Ukanijibu, "Si atakayenioa pia anakula mayai?" Nilienda nyuma ya kibanda nikacheka peke yangu. Sikutaka unione.

Mimi mkono wangu ulikuwa mzito kwa kila kitu. Siku ile nilipoona kuku wanajitupa kwenye majivu, wanajiviringisha kama wenye kifafa, nikajua ni ugonjwa, nikawamwagia maji baridi. Kumbe wanaoga. Ulipofika ukakuta kuku wamelowa chapachapa na baba yao ameshika ndoo tupu. Na ile rangi ya mafuta niliyopaka kibanda ili kipendeze? Kuku walilala juu ya paa, kwenye mvua, kwa sababu ya ile harufu, na wewe hukuongea na mimi mpaka nikaikwangua yote.

Hilo la kutoongea ndilo nataka kulisema. Mimi nikikasirika nanyamaza. Na wewe umeichukua hiyo tabia kwangu kama ulivyochukua haya masikio. Tumewahi kukaa humu ndani, chumba kimoja, mama yako katikati akitupelekea maneno: wewe, "Mwambie baba chumvi iko hapo," mimi, "Mwambie Nekesa mimi naona." Ni upuzi. Nimepoteza siku nyingi nzuri hivyo, na wewe na watu wengine. Huko chuoni utaishi na wasichana usiowajua, mmoja atakukanyagia kitu chako, na utataka kununa. Afadhali umpigie kelele, kisha mnywe chai.

Sasa tufike kwa wageni, maana hapo ndipo vita vyetu vilikuwa.

Niliendelea kuchinja. Wewe unafuga, mimi nachinja. Kila mtu aliyeshuka kutoka Bungoma na mfuko alikuta kisu kimenolewa. Binamu, mzee wa kanisa, jirani ya binamu. Kuku hawakuwa wanaongezeka, na mimi nilikuwa nakuuliza kwa mshangao, "Kwani hawa kuku wako hawazai?" Ukaniangalia tu.

Mpaka ile siku Barasa alipopiga simu kwamba anakuja. Nilikuwa nimefurahi, nikamkalisha hapa nje, nikatoka na kisu mpaka kwa kibanda, nikafungua. Hakuna kitu. Hata unyoya. Nikaita, "Nekesa! Kuku wako wapi?" Na wewe ukatoa kichwa mlangoni: "Wameenda kutembea."

Ulikuwa umewatia kwenye maboksi alfajiri ukawapeleka wote kwa shangazi yako, Kawangware 46! Na yeye, dada yangu wa tumbo moja, amekubali, amewalaza jikoni kwake! Nilisimama hapo na kisu mbele ya kakangu kama mwizi ambaye ameingia nyumba tupu. Ilibidi nikimbie sokoni nilete kuku wa gredi, wale wa kunenepeshwa haraka. Barasa alitafuna akaniambia, "Hii ni godoro." Ukacheka. Mama yako akacheka. Mimi nikanyamaza kama wiki mbili hivi.

Lakini sikukuchapa, na sikukukataza. Nafikiri hata wakati huo kuna mahali ndani yangu palikuwa panajua uko sawa. Ila kujua ni kitu kimoja, na kusema mbele ya mtoto wako ni kitu kingine kabisa. Ningekuwa na nguvu za kusema mapema, tungepumzika sote.

Halafu nafasi ya chuo ikaja. Mwaka huu, wewe kusomea mifugo, mtoto wa fundi wa mabati! Mama yako alilia. Mimi nilienda kuwaambia mafundi wote wa jua kali, hata wasiotaka kusikia. Nikarudi jioni nikakukuta umekaa hapa hapa, umeshika simu, ukaniambia huendi.

Nikadhani unatania. Ukasema, "Mzee, nikienda hawa kuku wataisha kabla sijafika Limuru. Nimekaa na wao hii miaka yote. Siwezi kuanza zero tena." Kisha ukasema lile lingine, na sauti yako ilikuwa imechoka kuliko umri wako: "Na hata sijui kama imesaidia kitu. Takataka za huu mtaa ni nyingi kuliko sisi. Labda ni mimi tu najichosha."

Nekesa, nimewahi kuanguka kutoka juu ya paa. Haikuniuma hivyo. Mtoto wangu anataka kuacha maisha yake kwa sababu haamini baba yake anaweza kuachiwa kuku. Na ubaya ni kwamba ulikuwa na haki. Sikukwambia kitu. Ningekuapia, ungesema ni maneno, na yangekuwa maneno.

Nafikiri Mungu ana utani, kwa sababu Jumapili iliyofuata ni nani aliingia na mfuko wa njugu? Barasa. Tena bila simu, kwa sababu safari hii alitaka kuwahi kabla kuku hawajaenda kutembea. Alilisema hilo akiwa mlangoni, akicheka. Akakaa. Mama yako akanitazama. Wewe ukaegemea mlango. Nikachukua kisu, nikatoka.

Hujui kilichotokea kwa kibanda, kwa hivyo nitakwambia. Hakuna kilichotokea. Nilisimama tu. Nilimshika yule mweusi mwenye kilemba, alikuwa mzito, alikuwa na joto, na nikasikia Barasa ndani anamwambia mama yako wale kuku wa kijiji siku hizi wanakufa wote, hakuna hata mbegu. Nikafikiria, huyu kakangu nampa kuku kila akija, na akifika kwake hana kuku. Nikamwachilia mweusi. Nikavua kofia, nikaokota mayai.

Niliporudi na kofia imejaa mayai, uso wako sitausahau. Ulidhani nimeumwa. Mama yako akapika baadhi ya yale mayai na nyanya, akapika na omena, na sukuma ya magunia yako, na ugali. Nikamwambia Barasa hivi: "Kaka, kuku wako yuko. Lakini leo sikuchinjii, nakupa mayai ya kuatamisha. Peleka nyumbani, tafuta kuku anayeatamia, umwekee."

Akanawa. Tukala. Nilisikia kila kijiko. Nikajua sasa nimekwisha, nitatajwa kwa matanga mpaka nizeeke. Halafu akasogeza sahani, akamwambia mama yako, "Ongeza hiyo mboga." Hakuwa na hasira, alikuwa na njaa! Wewe ukayafunga mayai na magazeti, ukayapanga kwa boksi la maranda, ukamwelekeza asilitikise, na yeye akalipakata mpaka kituo cha basi kama mtoto mchanga.

Amepiga simu wiki iliyopita. Sikukuambia kwa sababu nilitaka kuiweka kwa hii barua. Wametoka. Si yote, lakini wengi. Anasema vifaranga vya Nairobi vinatembea kwa uwanja wa baba yetu, na watu wanakuja kuangalia. Akaniambia, "Safari hii ulinichinjia vizuri." Nikakata simu haraka, nikasingizia kazi ya bati. Sijui kama umewahi kushika pumzi muda mrefu bila kujua umeishika. Ndivyo nilivyokuwa, tangu utotoni mwangu nafikiri, na wageni. Ikatoka.

Nilipomaliza kula na Barasa siku ile, wewe ulitoa vyombo. Ukaenda kujaza fomu za chuo. Mimi nikajifanya sioni.

Lakini lile swali lako la pili lilikuwa limebaki. Kama imesaidia kitu. Hilo nisingeweza kulijibu na kofia ya mayai. Ndiyo maana leo ulipoondoka nikamshika Chifu. Mama Mwende, jirani yetu, alikuwa anaanika nguo, akaniona, akainua mikono juu kama yuko kanisani: "Asifiwe! Sasa mzee wangu atalala." Si unajua bwana yake analinda usiku, na Chifu alikuwa amechagua dirisha lake tu la kuwikia kila asubuhi. Akaniahidi kuniletea jogoo mwingine kutoka kwao Kitui, eti wa kwao wana adabu, hawapigi kelele bila sababu. Nimemwambia tutaona. Kwa hivyo damu mpya inakuja, kama ulivyotaka, na itakuwa ya Mkamba.

Nikamnyonyoa mwenyewe. Mama yako alitaka kunisaidia, nikakataa. Nikatoa firigisi nikaiweka kwa kifuniko cha sufuria, kifuniko kile kile, bado tunacho. Na Nekesa, nilikaa nikaiangalia muda mrefu, kisu mkononi, nikiogopa. Huyu ni jogoo aliyezaliwa hapa Silanga, na ukiacha ile safari ya jikoni kwa shangazi yako, hajala mahali pengine wala kutoka nje ya wavu wako maisha yake yote. Kama ndani kuna nailoni, basi nitakwambia nini? Miaka yote hiyo umeinama kabla ya chai?

Nikapasua. Vidole vyangu si vyembamba, lakini nimetafuta kila kona. Nikamwita mama yako na macho yake mazuri, akatafuta pia. Mahindi. Mbegu za mtama. Uzi uzi wa kijani wa sukuma. Na vijiwe, vidogo, visafi, vile kuku humeza ili visage chakula. Basi. Hakuna kingine, mama. Hakuna kitu kingine kabisa.

Nilikaa chini pale pale. Mama yako akafikiri ni presha. Nilikuwa nacheka, na machozi pia yalikuwepo, lakini ya raha tu, wacha niyaite hivyo. Huu mtaa wote una takataka, ulisema kweli, ni nyingi kuliko sisi. Lakini hapa ndani, katika kipande hiki kidogo ulichokishika, hazikuingia. Vile vijiwe nimevifunga kwa karatasi, utavikuta ndani ya sanduku, usije ukasema mzee anakudanganya ili uende.

Kwa hivyo nenda. Mimi nimefarijika, nakwambia waziwazi. Mama yako atalia kesho, na mimi nitajifanya nafunga kamba ya sanduku, lakini moyo wangu umetulia kama haujawahi. Kuku watabaki. Nitaokota uwanja kila asubuhi kabla ya chai, nimeshaanza, nimekuwa nikifanya hivyo wiki hii yote ukiwa umelala. Kanju mpya ni mimi. Watoto wameshaanza kuniita.

Jambo la mwisho. Jioni hii tutakapokaa kula, utaona sahani yangu haina firigisi. Utafikiri nimeilia jikoni. Sivyo. Mama yako ameikaanga kavu, na chumvi na pilipili, ili isiharibike njiani, nami nimeitia kwa mkebe mdogo niliokata kutoka kwa bati lililobaki la sanduku lako. Nilipomwambia ni ya nani, nilidhani atashangaa. Nikamweleza kwa heshima kwamba najua desturi, kwamba hajawahi kuionja hata yeye, na kwamba samahani. Akaacha kukoroga akaniangalia. "Baba Nekesa," akasema, "kwani kuku hupikwa na nani hapa?"

Miaka yote hii! Amekuwa akiimega kabla haijanifikia! Nimecheka mpaka kuku wametoka tena nje.

Basi fungua mkebe. Ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba hii, kwa miaka mingi sasa, ni wewe. Usimgawie mtu wa kiti cha pili. Uile huku ukiangalia nje, na utafune polepole, kwa sababu ni ngumu, Chifu alikuwa mzee.

Na ukifunga chuo, usitume ujumbe eti unakuja ili tujitayarishe. Fungua mlango uingie, uokote mayai, ukoroge ugali kama kila mtu. Sitakuchinjia kuku, Nekesa. Mimi nachinjia wageni.

Ni mimi, baba yako,
nikiwa bado uwanjani, na nakuona unakuja pale kwa kona.